Kabla ya Kuilaumu Roboti, Pima Miguu ya Fotei

Mteja wa Bunia akienda kwa fundi kuagiza seti ya saloni, anaikagua kwa mikono yote miwili. Anabonyeza mito, anapapasa kitambaa, anagonga ubao wa mgongo asikie kama ni libuyu ya kweli au ni tripleksi iliyopakwa vanishi. Bei inavutwa huku na huku mpaka jua linainama. Lakini sijamwona bado anayepiga goti akapima nafasi iliyobaki kati ya sakafu na ubao wa chini. Basi fundi naye anaacha kiasi anachojisikia: vidole vinne kwa huyu, kiganja kwa yule. Nyumba zetu zimejaa fotei ambazo hazijakaa chini kabisa wala hazijainuka vya kutosha, na kwa miaka yote hiyo hajatokea mtu wa kulalamika.

Sasa mlalamikaji amepatikana, naye ni mashine.

Roboti za kufagia zinaingia mjini moja moja. Nyingine ni zawadi ya ndugu aliyeko Ulaya au Kanada, nyingine imetoka Dubai katika sanduku la mfanyabiashara pamoja na simu na nguo za watoto. Ni kisahani kinene, aghalabu cheusi, upana wake kama sentimeta 34 na kimo chake sentimeta 9 hivi. Kina magurudumu mawili, brashi tumboni na kipipa cha vumbi. Unakibonyeza, kinaondoka chenyewe. Binamu yangu wa mtaa wa Nyakasanza aliletewa kimoja na wanawe, na alipopiga simu swali lake halikuhusu umeme wala vumbi. "Kaka, hii kitu inaingia chini ya fotei halafu inalia. Kila siku. Niirudishe walikoitoa?"

Nilimwambia asiirudishe, nikaenda kuiona. Nilijilaza kifudifudi kwenye saruji yake, tochi ya simu mkononi, watoto wakicheka nyuma yangu, nikaitazama inavyonaswa. Sehemu ya mbele ya roboti imezungukwa na bampa inayocheza. Ikigusa mguu wa meza, bampa inarudi nyuma kidogo, swichi iliyo ndani inabonyezwa, roboti inageuka. Sasa ubao wa chini wa fotei ile ulikuwa juu ya bampa kwa unene wa wembe. Haukuigonga kwa mbele, uliikandamiza kwa juu, na kwa akili ya roboti hapo hapakuwa na ukuta wowote. Magurudumu yake yamekaa kwenye springi, kwa hiyo mwili ulishuka milimita chache, ukapenya, na ulipofika ndani springi zikausukuma tena juu. Ikabanwa. Gurudumu moja likazunguka bure, brashi ya pembeni ikakwaruza sakafu, kisha mashine ikanyamaza na sauti ya mwanamke ikaomba msaada kwa Kiingereza katika nyumba ambayo hakuna anayekizungumza.

La ajabu ni kwamba upande wa pembeni wa fotei hiyohiyo roboti ilipita bila shida. Pembe zake zilikuwa na nafasi. Tumbo ndilo lililokuwa limeshuka, kwa sababu mikanda inayobeba mito imelegea kwa makalio ya wageni wa miaka mingi, na ile turubai nyeusi iliyopigiliwa chini ikalegea nayo. Mtu akipima mguuni atasema nafasi ipo. Apime katikati, tena mtu mzito akiwa amekaa.

Mashine hizi zilitungwa kwa nyumba nyingine, na wala sioni aibu kulisema hilo. Kampuni ya Electrolux ya Sweden ilitangulia sokoni mwaka 2001 na roboti iliyoitwa Trilobite. Mwaka uliofuata, Septemba 2002, ikatoka Roomba ya iRobot, kampuni iliyoanzishwa Massachusetts mwaka 1990 na watu watatu wa chuo cha MIT: Colin Angle, Helen Greiner na Rodney Brooks. Mwezi huohuo sisi wa Irumu tulikuwa tunazika watu wa Nyankunde waliouawa vitani, na hospitali yao kubwa ilikuwa imeporwa na kuharibiwa. Ulimwengu mmoja ulikuwa unatafuta namna ya kuondoa makombo kwenye zulia, mwingine ulikuwa unatafuta ndugu zake porini. Ndiyo maana simshangai mtu anayeona mada hii ni ya kipuuzi katika mkoa wetu wa Ituri ambao tangu Mei 2021 uko chini ya utawala wa kijeshi. Namwomba avumilie kidogo, maana nitakakofika si mbali na mambo ya kila nyumba.

Brooks alikuwa na hoja iliyowaudhi wasomi wenzake: mashine haihitaji kubeba ramani ya dunia kichwani, iguse, ijibu, iendelee kama mdudu. Roomba ya kwanza ilikuwa hivyo hasa. Iligonga, ikageuka, ikagonga tena, na kwa kuzurura vile ikafika karibu kila mahali. Baadaye wenye viwanda wakaongeza akili. Neato ilileta leza mwaka 2010, Roomba ya 2015 ikapata kamera ya kuchora ramani, na ya mwaka 2021 ikafundishwa kutambua nyaya na kinyesi cha mbwa. Ubao wa chini wa fotei uliendelea kuzinasa, kwa sababu leza inatazama pande zote kwa kimo kimoja tu, na kinara chake chenyewe kimeirefusha mashine hadi karibu sentimeta 10. Akili imeongezeka na nafasi ya kupita imepungua.

Zipo programu za simu zinazokuwezesha kuchora mipaka kwenye ramani ya nyumba ili roboti isikanyage hapa wala pale. Dawa hiyo naikubali nusu. Ukishazungushia mipaka fotei zote nne, meza ya kahawa na kabati la televisheni, umebaki na mashine ya dola nyingi inayofagia korido.

Dawa yangu mimi iko kwa fundi wa mbao. Mwambie akukatie kipande cha mbao chenye kimo cha sentimeta 11 na upana wa sentimeta 35, akipige randa kiwe laini. Hicho ndicho kipimo chako. Kisukume chini ya kila kitu kilichomo saloni na vyumbani, mtu akiwa amekaa au amelala juu yake. Kinapopita kwa ulaini, achana napo. Kinapogota mbele kabisa bila kuingia, pima kwa futi: nafasi ikiwa chini ya sentimeta 8, achana napo pia, maana na roboti itagota na kugeuka. Kinapoingia kwa kulazimisha, au kikaingia huku na kukwama kule, hapo ndipo penye ugonjwa. Kwa uzoefu wangu mbaya zaidi ni ile nafasi ya sentimeta 8 hadi 10, ndiyo inayoimeza mashine bila kuitapika.

Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuinua: fundi akuchongee vikanyagio vya mbao ngumu, kila kimoja kikiwa na kishimo juu cha kupokea mguu ili usiteleze watu wanapojitupa kwenye kiti. Sentimeta tatu au nne zinatosha kwa fotei nyingi nilizoziona, na kipande kilichobaki karakana kinaweza kutoa vikanyagio vya saloni nzima. Na ile turubai iliyolegea ing'olewe, mikanda ivutwe upya. Njia ya pili ni kuziba kabisa kwa ubao mwembamba unaoshuka karibu na sakafu. Hii inafaa kwa kabati zito la vyombo, tena lizibwe pande zote, lakini kuziba kitanda au fotei ni kujidanganya, kwa sababu vumbi litaingia tu na fagio halitaingia tena.

Kwa asiyetaka kugusa samani, ipo hila ndogo. Chukua kandambili iliyokatika, kata kipande cha mpira chenye unene wa milimita tano hivi, kibandike juu ya bampa, mbele kabisa. Kikae kwenye ile sehemu inayocheza, kisikae kwenye mwili, na kisizibe vioo vyeusi ambavyo ndiyo macho yake. Sasa roboti imekuwa ndefu mbele kuliko mgongoni. Ikikaribia ubao wa kubana, mpira unagota kwanza, bampa inasukumwa, mashine inajua kuna ukuta, inageuka kabla haijaingiza kichwa. Binamu yangu alifanya hivyo, na ile fotei haikuinasa tena. Chini yake hapafagiwi, lakini walau mashine hailii.

Mengine nitayapitia haraka. Vile vitambaa vya kufuma tunavyotandika kwenye migongo ya viti, nyuzi zake zikifika chini brashi ya pembeni itazivuta mpaka kitambaa kizima kishuke. Vikunje. Nyaya za chaja zipandishwe ukutani. Viti vya plastiki, ambavyo kila nyumba ya Bunia inavyo kwa ajili ya wageni wa msiba na wa sherehe, vipangwe kimoja juu ya kingine kwenye kona, maana miguu minne ikikaa karibu karibu roboti huingia katikati na kuzunguka hapo kama mbuzi aliyefungwa kambani. Stuli za chuma zenye bomba linalopita chini ni mbaya zaidi: mashine inapanda juu ya bomba, magurudumu yanabaki hewani, mchezo umekwisha. Nazo zipandishwe juu ya meza. Na vile vizingiti virefu vya milango, vya kuzuia maji ya mvua, roboti haivuki. Nyingi mwisho wake ni sentimeta mbili. Ibebe mwenyewe chumba kwa chumba, haina uzito.

Watu hukimbilia kusema kwamba shida ya vitu hivi kwetu ni umeme. Naona wanakosea. Ni kweli kwamba umeme wa Budana, ule wa mto Shari tulioachiwa na migodi ya Kilo-Moto, haufiki kila mtaa, na unapofika hauna ahadi. Lakini betri ya roboti ya kawaida ni ya volti 14.4, na ujazo wake ni kati ya wati-saa 37 na 75. Balbu ya wati 10 ikiwaka saa saba inakula karibu kiasi hicho. Paneli ya jua ya wati 100, ambayo watu wengi wameiweka juu ya bati kwa ajili ya televisheni, inaijaza asubuhi moja ya jua zuri. Kinachoisumbua roboti zaidi ni vumbi lenyewe. Kati ya Desemba na Februari vumbi letu jekundu ni laini kama unga wa muhogo, pipa lake la nusu lita linajaa upesi, na kichujio kinahitaji kukung'utwa kila inapomaliza kazi. Masika nayo yanaleta tope, na tope bichi ndilo kaburi la mashine hii. Hapo fagio na kitambaa cha maji vitaendelea kutawala, na vitawale.

Faida ya kutazama kwanza mahali mashine itakapofanyia kazi tulishaiona Kinshasa. Mhandisi Thérèse Izay Kirongozi aliposimamisha roboti zake za kuongoza magari mwaka 2013, aliziundia mwili wa alumini usioshindwa na joto na unyevu, akazipa paneli za jua kwa sababu alijua umeme wa mji wake, akazifanya ndefu ili madereva wazione. Unaweza kubisha kuhusu manufaa yake, na Wakinshasa wamebisha sana, lakini aliyezichora alitazama barabara kwanza ndipo akachora mashine. Sisi tulionunua kisahani cha Massachusetts au cha China hatuna uwezo wa kukichora upya. Nyumba, hata hivyo, ni yetu, na fundi yuko pale barabarani.

Na hapa ndipo nilipokuwa nakwenda. Ile fotei inayoinasa roboti ilikuwa inamnasa mtu siku zote. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya shule, msichana wa nyumba anainama na ufagio wa njukuti. Anafika kwenye fotei yenye nafasi ya kiganja. Ufagio unaingia ncha tu. Ana mambo mawili ya kufanya: apige magoti, aweke shavu karibu na sakafu na kukwangua kwa mkono, au apite. Siku nyingi anapita, na mimi simlaumu. Siku ya wageni anaitwa mvivu kwa sababu mtoto wa jirani amevuta kiatu chini ya kiti na kiatu kimetoka na vumbi la miezi. Hakuna aliyemwita fundi mvivu. Hakuna aliyesema kwamba kiti kimetengenezwa vibaya. Roboti ikikwama mara mbili tu, baba mwenye nyumba analala sakafuni na tochi, kama nilivyolala mimi, anachunguza tatizo, anapiga simu, anatafuta dawa. Msichana amekwama pale miaka kumi na hakuna aliyeinama kutazama.

Jambo hili linanikera kuliko mashine yenyewe. Tumekubali kwamba samani ni za wanaokaa, na anayezisafishia atajijua. Fotei pana, nzito, iliyoshuka karibu na sakafu, inaonekana ya kitajiri. Kitanda cha mbao nzito chenye mbavu zinazogusa saruji kinaitwa kitanda cha heshima. Tangu vita vya Djugu viliporudi mwishoni mwa 2017, nyumba nyingi za mjini zimepokea ndugu waliokimbia, magodoro yanatandikwa usiku saloni na kuegemezwa ukutani asubuhi, na mizigo isiyo na pa kuwekwa inasukumwa chini ya vitanda: magunia ya mahindi, maharage, madumu, viatu. Chini ya kitanda pamekuwa ghala. Na ghala la nafaka ambalo halifikiwi na ufagio lina wapangaji wake.

Ituri ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako tauni haijaisha. Mwaka 2020 ilirudi tena katika eneo la afya la Rethy, kaskazini mwa Bunia. Njia yake inajulikana tangu zamani: panya anaugua, anakufa, viroboto wake wanamwacha na kutafuta damu nyingine, na kiroboto huyo anazaliana kwenye vumbi na takataka za sakafu, hasa kwenye giza lisiloguswa. Sisemi kwamba roboti inazuia tauni, nisije nikanukuliwa vibaya na wauzaji. Panya huzuiwa kwa kuhifadhi nafaka juu na ndani ya vyombo vinavyofungwa, na mgonjwa hupelekwa kituo cha afya upesi sana, maana ugonjwa huo una dawa lakini hauna subira. Ninachosema ni kwamba nafasi ya chini ya kitanda na ya fotei ni jambo la afya katika mkoa huu, na kipimo kinachoiruhusu mashine ya sentimeta 9 kupita kinauruhusu na ufagio, na mkono, na jicho.

Nimewauliza mafundi wawili watatu. Jibu lao ni moja: miguu mirefu huyumba, na wateja wanataka kiti kilichokaa chini. La kuyumba nalielewa, kwa sababu seti zetu ni nzito kweli. Lakini mguu unaoyumba ni mguu uliopigiliwa msumari tu. Ukiunganishwa kwa skrubu na gundi, ukawekewa kipande cha pembetatu kwenye kona ya ndani, mguu wa sentimeta 12 unabeba familia nzima na mchungaji wao. Fotei ya watu watatu iongezewe mguu wa kati. Mbao inayoongezeka haifiki hata nusu mita kwa kiti, na mbao hizo zinapita hapa kila siku kutoka Mambasa na Komanda, malori kwa malori, nyingi zikielekea Uganda na Kenya. Hatuwezi kukosa vipande vya miguu sisi ambao msitu uko mlangoni.

La wateja kutaka kiti cha chini ndilo nisilolikubali. Wateja wanataka kile wanachoonyeshwa. Fundi wa kwanza atakayepanga barabarani seti yenye miguu mirefu, akachukua ufagio mbele ya mama anayenunua na kuupitisha chini ya kiti mpaka upande wa pili bila kuinama, huyo atauza. Akina mama watamwelewa kabla hajamaliza kusema. Akina baba watamwelewa siku watakayoletewa roboti.

Basi wewe unayejiandaa kuagiza seti ya harusi au kubadilisha vitanda kabla ya Desemba, beba futi. Mwambie fundi: sentimeta 12 kutoka sakafuni hadi sehemu iliyo chini kuliko zote, kiti kikiwa kimekaliwa. Mwambie aandike kwenye karatasi pamoja na bei, na usilipe salio kabla hujapiga goti ukapima mwenyewe.